Kisima Chenye Harufu ya Waridi

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Bibi afya amerudi na majibu ya maji ya kisima chetu. Yana vijidudu vya chooni! Hata hakuninong'oneza. Kayatangaza pale uani, mbele ya mke wangu, na mbele ya kichwa cha jirani yangu fundi wa saa, kilichokuwa kimechomoza juu ya ukuta. Kisima chake kina mfuniko na kufuli. Hakijawahi kulaumiwa na mtu.

Bibi afya akatoa maelekezo. Kwanza kabisa nijenge upya mdomo wa kisima, umepasuka, maji machafu ya uani yanarudi ndani. Nisugue kuta. Nipime kina kwa kamba na jiwe. Nitie klorini tupu, isiyo na sabuni wala manukato, kwa kipimo. Nifunike mpaka kesho yake, kisha nichote na kumwaga mbali hadi harufu iishe. Niliitikia kwa kichwa kila neno. Nilichoshika ni kimoja: tia dawa.

Mke wangu hakugomba. Angegomba ningepona. Mdogo wetu ameharisha wiki nzima, na maji tunajua aliyanywa wapi. Alichukua sufuria kubwa akaifunga kwenye shuka. Mke wangu akifunga nguo, ana hasira. Akifunga sufuria, anahama. Kaenda na watoto kwa mama yake. Atarudi, kasema, siku atakapomwona bibi afya akinywa maji ya kisima hiki kwa kinywa chake.

Fundi Saa akanipa pole. Sauti ya mtu mwenye pipi mdomoni.

Jumanne, 4 Juni

Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu, nimesimama.

Dukani klorini ni ile dawa ya kutoa madoa ya nguo, aina mbili. Moja tupu. Nyingine ina harufu ya waridi, na ukinunua unapewa kikombe cha bure. Mwenye duka akauliza nafua nini. Nikasema kisima. Akacheka mpaka akashika meza. Nikachukua ya waridi. Hoja yangu: ile inaua vijidudu basi, hii inaua vijidudu na kumfurahisha mama mkwe.

Kuta sikusugua. Kule ndani nani anaona? Kina nilikipima kwa jicho. Mdomo wa kisima utasubiri, saruji inachafua viatu. Nikamimina dumu zima, na kwa usalama zaidi nikaongeza la pili. Nikafunika na bati.

Nimelala nikijiona mwanamume.

Jumatano, 5 Juni

Nikatumbukiza ndoo. Povu! Likaumuka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Nimechota tangu asubuhi. Mikono si yangu tena. Kila ndoo naimwaga hapo hapo pembeni, na kila nikichota, waridi iko palepale.

Mchana nikakaa chini, nikatazama. Maji niliyomwaga yalikuwa yanapita kwenye ule ufa, taratibu, bila haraka, yanarudi kwao. Asubuhi nzima nimechota maji yale yale!

Nimelia kidogo. Nikiulizwa, povu liliniingia jichoni.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe ametuma salamu: kesho wanakuja wote, pamoja na bibi afya. Na maji bado yananuka. Mimi mwenyewe nanuka. Kinyozi ameniuliza kama naongeza mke.

Nimepata hila. Kesho watakuta ndoo imeshachotwa, imefunikwa, safi. Ila maji yatakuwa ya Fundi Saa! Lakini nimwombe maji ya kunywa, mtaa mzima unicheke? Nikamwambia nataka ndoo moja ya kupigia deki. "Ya deki tu?" akasema. "Chukua, jirani, hata usirudishe." Kaingia ndani, katoka na ndoo, kaipitisha juu ya ukuta. Maji yanang'aa kama kioo. Bwege yule!

Jumamosi, 8 Juni

Wamekuja. Mke wangu kabeba sufuria! Kaiweka jikoni, palepale pake. Mdogo akanikumbatia mguu. Roho ikatulia.

Nikaleta ndoo. Bibi afya akainama, akanusa, akakunja uso. Akashangaa kwamba ua mzima unanuka waridi lakini ndoo hainuki dawa hata chembe. Mke wangu akamwambia aonje tu, yaishe. Akajibu kwamba mwenye kisima ndiye huanza. Mama mkwe akadakia: ndiyo, baba watoto aanze.

Nikajaza kile kikombe cha bure. Nikanywa chote, kwa madaha, nikafuta mdomo. Yalikuwa na ladha fulani. Kama ya viatu.

Kichwa kikachomoza ukutani, macho yamemtoka. "Jirani! Si ulisema ya deki? Hayo nimesuuzia soksi!"

Mke wangu hakugomba. Akaenda jikoni, akafunga sufuria. Mdogo alinipungia mkono mpaka walipokata kona. Hapo ndipo paliponiuma kuliko tumbo, ambalo nalo lilikuwa limeshaanza.

Mama mkwe alibaki nyuma kidogo. Akaniambia, "Ila unanukia vizuri, baba."

Jumapili, 9 Juni

Naandika kwa vipande, kati ya safari moja ya choo na nyingine.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mwashi. Ametuma ujumbe kwamba kesho anakuja na saruji yake kujenga mdomo wa kisima, bure. Kazi yangu ni kushika beleshi. Mke wangu amekubali: mdomo ukijengwa na dawa ikitiwa kama ilivyoelekezwa, anarudi.

Nimemjibu asisumbuke. Mwanamume hasaidiwi kisima chake. Tena kosa nimeshaligundua. Ni waridi. Mama mkwe hajawahi kupenda maua. Dukani wameleta ya limau, na safari hii wanatoa vikombe viwili: kimoja changu, kimoja cha mke wangu akirudi.