Mshindi Ndiye Mwenyeji

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi tunapiga kura ya kitabu kijacho. Safari hii nashinda. Lazima!

Klabu yetu ya vitabu ina sheria moja tu ya maana: kitabu cha mtu kikichaguliwa, mkutano unafanyika sebuleni kwake. Mwalimu mstaafu ameshinda mara tatu mfululizo. Vitabu vyake vinene, vimejaa vita na tarehe, na hakuna anayevimaliza. Lakini watu wanakwenda kwake, wanakula biskuti zake, wanacheka mpaka majirani wanachungulia. Kwangu hajacheka mtu tangu mke wangu afariki. Viti sita. Nakalia kimoja. Vile vingine navifuta vumbi kila asubuhi, sijui kwa ajili ya nani.

Kitabu chenyewe? Sijakichagua. Hilo ni jambo dogo.

Jumatano, 5 Machi
Nimechagua chembamba kuliko vyote kwenye rafu ya marehemu. Kinahusu mfuga nyuki, au mtu aliyeumwa na nyuki. Nimesoma jalada tu.

Kampeni imeanza vibaya. Nimemwendea nesi, mwanachama mwenzetu, nikamwambia kitabu changu anaweza kukimaliza kwa zamu moja. Akasema akiwa zamu anahudumia wagonjwa, hasomi hadithi. Kanuna. Nikaenda kwa mwenye duka la dawa, nikamsifu mpaka mate yakanikauka, nikanunua dawa ya kikohozi. Sina kikohozi. Akaniahidi kura. Nikaja kusikia kwamba mwalimu naye kaahidiwa, na alinunua chupa mbili. Watu hawa!

Binti yangu amepiga simu. Aliuliza kama nakula. Nikasema nakula. Aliuliza kama watu wanakuja kuniona. Nikasema wanakuja, tena wananichosha. Akafurahi, akakata. Nilibaki nimeishika simu sikioni.

Ijumaa, 7 Machi
Nimehesabu kura zangu. Nina ya kwangu.

Basi, ujanja. Tunapiga kura dukani kwa fundi cherehani, rafiki mkubwa wa marehemu, ambaye hadi leo ananiita shemeji. Kila mwanachama anapewa kifungo kimoja, anaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, anakitumbukiza katika kikombe kilicho mbele ya kitabu anachokitaka. Siri tupu. Nani atajua nimeingia na kifungo kimoja au vinne?

Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Nimefunga vibanda vya watu kwa kupunja nyanya. Wizi naujua nje ndani, kwa hiyo nitaufanya kwa ustadi.

Tatizo ni vifungo. Vya mashati yangu vimeng'oka. Nimefungua kabati la marehemu, mara ya kwanza tangu mazishi. Gauni la bluu. Nimekata vitatu vya mkononi. Bado lina harufu yake. Nimelia, mzee mzima na mkasi mkononi. Kisha nikajiambia angekubali. Yeye ndiye aliyependa wageni.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeumbuka!

Fundi alimimina vikombe mezani. Wapiga kura saba, vifungo kumi. Mwenye duka la dawa akasema labda vimezaana. Watu wakacheka. Mwalimu akataka uchaguzi ufutwe, huku akinitazama mimi. Nikapendekeza, kwa sauti yangu ya ukaguzi, kwamba wote wapekuliwe, tuanze na mwalimu.

Ndipo fundi alipoviokota vile vya bluu. Akavilaza kiganjani. Gauni lile alilishona yeye, la kuvaliwa kwenye harusi ya binti yetu. Nesi akasogea kuangalia, kisha akaketi. Hakuna aliyecheka tena. Fundi akasema vifungo vyake vya kazi vilikuwa vimebaki ndani ya vikombe, kosa ni lake, turudie. Mwalimu akafungua mdomo. Nesi akamkanyaga mguu.

Tukarudia. Mwalimu akashinda.

Niliondoka bila kuaga. Fundi akanikimbilia hadi barabarani, akanitilia vifungo mfukoni, akasema nimletee gauni avirudishie. Nikamwambia sijui anazungumzia gauni gani.

Jumapili, 9 Machi
Leo nimeshinda. Kitandani. Sikupika wala sikufagia. Nimemkumbuka sana.

Jumanne, 11 Machi
Hodi mlangoni. Fundi, nesi na, makubwa haya, mwalimu! Kashika pakiti ya biskuti.

Fundi alisema kuja nyumbani kwangu hakuhitaji kura. Tangu msiba wamekuwa wakipita, nami nawajibu dirishani kwamba nina kazi. Mwalimu akaongeza kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame: ningewaita tu, wangekuja siku yoyote. Hata leo wangekaa.

Watu watatu mlangoni pangu. Chai ilikuwa jikoni, imeiva. Kilichobaki ni mimi kusema karibuni.

Lakini nikaliona tabasamu la mwalimu. Kura kashinda, sasa anataka na sebule yangu! Ananihurumia! Nikawaambia sheria ni sheria, mshindi ndiye mwenyeji, nami sikushinda. Fundi akaniita shemeji, taratibu, mara moja tu. Nikafunga mlango. Nikasimama pale nikisikiliza hatua zao mpaka zikapotea. Chai nimeinywa peke yangu.

Hata hivyo, nimetafakari na nimeona kosa lilipo. Kosa ni klabu ile! Nimejitoa. Nimeanzisha yangu. Mwenyekiti mimi, katibu mimi, mjumbe mimi. Tumepiga kura jioni hii hii, na kitabu changu kimepita bila kupingwa. Ushindi mkubwa! Mkutano ni Jumamosi, hapa hapa kwangu.

Nimenunua biskuti za kutosha watu wote.