Utumbo wa Bi Benilde

Jumatatu, 2 Desemba

Nimeonekana! Jana saa kumi natoka kwa Bi Benilde, ng'ambo ya uwanja, mdomo bado unang'aa mafuta, na nani kasimama mlangoni pa duka la dawa? Evaristo. Ananitazama. Nikainama kujifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Najitetea hapa, maana daftari halisuti mtu. Bi Casilda hafungui Jumapili. Mgane wa miaka sabini na mbili ale nini, chokaa ya ukutani? Niliingia kwa mdogo wake kunusa tu. Nikanusa sahani mbili za utumbo na kwato, pamoja na mkate wa kukombea mchuzi.

Ndiyo, mdogo wake. Casilda na Benilde ni tumbo moja, wana migahawa miwili inayotazamana, na hawajasemezana miaka kumi na tisa. Waligombea sufuria ya marehemu mama yao.

Nimekula mchana kwa Bi Casilda tangu mke wangu Amparo afariki, mwaka wa kumi na sita huu. Kitambaa changu cha kufutia mdomo kina kitundu chake kwenye rafu ya ukutani, namba saba. Wenye vitundu ni sisi kumi na wawili. Wengine hupewa vya karatasi, hao ni wapita njia. Na siku ya Noeli, wale wa vitundu tusio na mtu nyumbani hupandishwa ghorofani, tukala na familia.

Sasa yuko wapi Tiburcio wa namba nne? Alikula kwa Benilde mara moja tu. Kesho yake kitambaa chake kilifikishwa kwake ndani ya bahasha, kimefuliwa na kupigwa pasi. Hakuna aliyesema neno. Siku hizi anakula dagaa wa kopo, amesimama jikoni.

Jumanne, 3 Desemba

Nimekwenda kwa Bi Casilda. Kitambaa changu kipo! Ila Evaristo, namba nane, anakaa uso kwa uso nami. Alinikazia macho kwa muda mrefu, kisha akasema eti baridi hii, mzee mwenzangu, inataka utumbo.

Utumbo! Kautaja kwa jina!

Nikamsukumia nusu ya kimanda changu cha viazi. Alikula bila kuuliza. Basi anajua. Asiyejua lolote angeuliza kulikoni.

Mpango: Evaristo nimzibe mdomo kwa chakula, Bi Casilda nimlainishe kwa sifa. Mwanamke aliyesifiwa hasikilizi umbea. Nimefurahi kidogo. Nimelala mchana bila kuota bahasha.

Jumatano, 4 Desemba

Nimejichimbia kaburi.

Kwa Bi Casilda hatusifu chakula. Sisi wa vitundu hulalamika, naye hututukana kutoka jikoni, na hivyo ndivyo tunavyopendana. Evaristo husema adesi hazina chumvi. Bi Casilda hujibu kwamba chumvi imo, kilichochakaa ni ulimi wako, babu we. Miaka yote mimi huwa nasema adesi zina mawe. Leo nikasimama, nikasema adesi hizi ni tamu, ni za kifalme, Mungu aibariki mikono iliyozipika.

Obdulia, binti yake anayehudumia mezani, aliangusha kikapu cha mkate. Mumewe Abundio alizima redio pale kaunta. Bi Casilda mwenyewe akatoka jikoni, na huwa hatoki ila kwa msiba. Akanishika paji la uso. Akauliza imeanza lini. Nikasema, Jumapili. Kwa nini nimesema Jumapili? Ulimi hauna mfupa!

Alitikisa kichwa. Akawakumbusha wote habari za marehemu Higinio wa namba mbili: alizisifu dengu siku ya Jumanne, Ijumaa tukamzika.

Jumba zima sasa linaniona maiti.

Alhamisi, 5 Desemba

Alhamisi ni siku ya cocido, mchemsho wa chungu kimoja. Kwanza supu, kisha dengu na kabichi, halafu nyama zote za chungu kile, mafuta yakitetemeka. Huwa naingoja tangu Ijumaa.

Mimi nimeletewa wali mweupe na samaki wa kuchemsha. Chumvi hakuna. Obdulia alinifunga kitambaa shingoni kama mtoto, akaniambia pole mzee wangu, kula taratibu. Sehemu yangu alipewa Evaristo, maana si vizuri kutupa. Alinyonya mfupa wangu hadi ukalia. Nilipoguna akasema usinikasirikie, ndugu yangu, ni kwa faida ya afya yako.

Abundio alininong'oneza: ile suti ya kijivu bado inanitosha, au waniangalizie nyingine?

Kisha akaingia padri, eti kapita tu kunywa kahawa. Kapita! Na begi la mafuta ya wagonjwa! Akavuta kiti, akaniuliza kama kuna jambo linanilemea moyoni. Lilikuwepo. Lakini Bi Casilda alikuwa nyuma yake na kisu cha mkate, nikasema hakuna, Baba, labda gesi.

Naogopa. Nikinyamaza, nitalishwa wali huu hadi nife kweli. Nikisema, bahasha.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimesema.

Niliingia jikoni, mahali asipoingia mtu, nikaungama nikiwa nimeushikilia mlango. Alikuwa anakatakata kitunguu. Hakugeuka. Kisu kikaendelea, ta, ta, ta. Akauliza sahani ngapi. Nikasema moja. Kisu kikasimama. Nikasema mbili.

Nilimwona Tiburcio mbele yangu na kopo lake la dagaa. Nililia, sifichi. Nikamwambia, Bi Casilda, usininyang'anye namba saba, nyumbani kwangu hakuna anayenitukana.

Akafuta mikono. Akauliza polepole, akitazama sufuria: je, Benilde bado anatia kwato tangu mwanzo, kama alivyotia mama? Utumbo ulikuwaje?

Ulikuwa mtamu wa kumtoa nyoka pangoni. Nikasema ulikuwa mgumu kama mkanda wa askari.

Uso wake ukakunjuka! Akanitukana vizuri sana: mlafi, kigeugeu, mzee usiye na haya. Kisha akaniamuru. Kila Jumapili niende huko, nile, nirudi na habari kamili. Kitambaa kinabaki. Na Noeli, saa nane kamili juu ghorofani, mwanakondoo wa kuoka, na ole wangu nichelewe.

Nilikula mabaki ya cocido kwa kijiko kikubwa, nikasema dengu ni risasi. Watu walishangilia.

Nikamuuliza Evaristo, kwa upole, kwa nini hakunichongea. Kuchongea nini? Jumapili alikwenda kununua dawa ya macho. Tangu Jumamosi, anasema, hatofautishi mtu na nguzo.

Kimanda changu! Nyama zangu! Yote bure!

Jumapili, 8 Desemba

Kazini kwa Bi Benilde. Sahani tatu, kwa ajili ya uchunguzi.

Kumbe ananijua. Aliketi kando yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama dada yake bado anaunguza vitunguu saumu. Nikasema huviunguza vikawa mkaa, mama, tunakula kwa huruma tu. Alifurahi hadi akanipigapiga mgongoni. Akataka nimletee habari kila wiki. Nikakubali. Kisha akaniuliza, maskini, Noeli nakula na nani. Nikainamisha kichwa, nikasema na redio.

Basi kanialika. Saa tisa na nusu, mwanakondoo wa kuoka.

Nimepiga hesabu. Kati ya mlango na mlango ni hatua themanini. Kwa Casilda nitakula haraka, nitasema nina kizunguzungu, nitavuka. Inawezekana kabisa, hawa ndugu hawasemezani. Shida moja tu, madirisha yao yanatazamana. Nitavuka nimevaa kofia ya Evaristo. Wakiona, watajua ni yeye.