Kadi ya Ijumaa Iliyojazwa Jumatatu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mafunzo yameanza leo, kliniki ya Tudor. Nafasi kwenye timu ya tiba ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Nabiha, muuguzi anayekaa Ndia Kuu. Nikiikosa, narudi kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa, nikaite majina mpaka nistaafu, na diploma yangu ya ushauri nasaha iote ukungu kabatini. Tena Mwende, mke wangu, ameshawaambia kwaya nzima kwamba nimepita.

Tiba yenyewe inaitwa DBT. Ni ya watu ambao hisia huwapanda ghafla mpaka wakajidhuru. Bi Sabira, mkufunzi wetu, anasema huwezi kumfundisha mtu kuzituliza zake na wewe zako huzijui. Basi katupa kadi. Kila jioni hadi Ijumaa tuandike hasira, wivu, huzuni na furaha, sifuri hadi tano, pamoja na sababu.

Kila jioni? Mimi ni mtu wa mipango. Nimezijaza zote tano kabla ya chai ya saa nne. Hasira: sifuri, wiki nzima.

Jumanne, 4 Februari

Timu ina kengele ndogo ya shaba. Mtu akimhukumu mwenzake kikaoni, inapigwa, naye anayasema upya maneno yake bila hukumu. Nimejitolea kuishika. Kwa Nabiha peke yake nimeipiga mara kumi na moja. Mara ya mwisho alikuwa anapiga chafya. Bi Sabira ameichukua mkononi mwangu, polepole. Nadhani amependezwa na bidii yangu.

Jumatano, 5 Februari

Msiba. Tuktuk imenirushia maji ya mtaro kwenye suruali ya krimu, mbele ya lango la kliniki. Nimemweleza dereva machache kuhusu macho yake, shule aliyosoma na ukoo wake. Akaniomba radhi. Nikaendelea. Nilipoinua kichwa, Bi Sabira yuko dirishani na kikombe chake. Nikamwamkia kwa heshima zote.

Saa tano ametaka kuziona kadi. Si tulikubaliana Ijumaa! Akasoma ya leo: hasira sifuri, nimeamka na utulivu, sijakwaruzana na mtu. Akaiweka mezani. Akasoma ya Ijumaa: furaha tano, nimechaguliwa. Akanishukuru kwa kumjulisha mapema, maana yeye alikuwa bado hajaamua.

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Kwenye kadi hakuna pa kuandika aibu.

Alhamisi, 6 Februari

Bi Sabira anasema katika timu hii kila mtu hukosea, wakongwe pia, na kila mtu husema kosa lake. Kumbe makosa ndiyo yanayotakiwa! Kikaoni nimeungama manane. Matatu yangu, mengine nimeazima, likiwemo moja la jirani yangu wa Majengo, Kamaludin, kuhusu mbuzi wa watu. Bi Sabira ameuliza mbuzi aliishia wapi. Hilo sikuwa nimemuuliza Kamaludin.

Ijumaa, 7 Februari

Amechaguliwa Nabiha. Kadi yake inatisha. Jumanne: hasira tano, sababu Musyoka, yaani mimi, na kengele. Jumatano: huzuni tatu, sababu Musyoka tena, masikini. Mwenye kadi kama hiyo ndiye waliyempa nafasi, na mimi mwenye sifuri tano nimeachwa.

Nimelia chooni. Nilipotoka, Nabiha alikuwa ameniwekea chai, akaniambia pole, kaka Musyoka, usivunjike moyo. Nimeinywa. Iliniingia vizuri kuliko nilivyotaka. Mwende amesema kwaya atawaambia mwenyewe.

Kabla sijaondoka Bi Sabira ameniita. Nafasi ya pili itapatikana Machi. Amenipa kadi za wiki nne na sharti moja: niandike ukweli.

Jumamosi, 8 Februari

Nimejifunza. Sifuri haziaminiki. Safari hii nimechanganya: hasira tatu hapa, wivu mbili pale, siku moja ya kilio ili Nabiha naye aguswe. Kadi ishirini na nane zimekwisha kabla ya uji.

Mwende amezipitia akipangusa meza. Ameuliza tarehe kumi na nne tutagombana kuhusu nini. Nimemwambia bado sijaamua, ila ajiandae, ni hasira nne.