Bomba Lisilo na Maji Halivuji

Jumatatu, 9 Juni
Balaa! Mkuu wa shule katangaza: mkaguzi wa ubora anakuja Alhamisi kukagua masomo ya hiari ya vitendo. Litakaloshindwa linafungwa. Nikaenda kuitazama karakana yangu ya ufundi bomba. Ukuta mzima wa mabomba waliyoyaunga wanafunzi unatoa machozi kila kiungo. Spana, mwanafunzi wa kike anayelipenda somo hili kuliko mimi, kauliza kama likifungwa atapelekwa kwenye mapishi. Kasema yeye huunguza hata maji ya chai. Nimemwahidi halifungwi. Namshukuru Mungu kwa kunipa muda wa kujipanga.

Jumanne, 10 Juni
Wazo! Bomba lisilo na maji halivuji. Nitafunga koki kuu nyuma ya stoo, nipanguse ukuta, nipake rangi. Spana kaomba tufungue viungo vyote tuviunge upya kwa tepu. Nimempa brashi. Mke wangu kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu huu si uongo, ni ukavu. Nashukuru kuwa na mke anayenisikiliza, hata asipokubali.

Jumatano, 11 Juni
Ukuta unang'aa! Mwalimu wa mapishi kapita, pua juu, kauliza kama siku hizi tunafundisha uchoraji. Kijicho tu. Anaitamani karakana yangu aweke majiko yake. Halafu nikakumbuka: bila maji kesho atapika nini? Sikulipanga hilo, lakini baraka haikataliwi.

Alhamisi, 12 Juni
Mkaguzi ni mama mfupi mwenye mkoba mkubwa. Salamu hazijaisha, kaomba msalani. Lo! Koki kuu niliyoifunga alfajiri imekausha hata vyoo! Kaja karakana na mikono ya povu, kauliza kama hapa ndipo kwa mafundi bomba, maana kazi ipo. Spana hakungoja. Kamtuma huyu kwenye tangi, yule kwenye mita, mwenyewe kafuata bomba hadi nyuma ya stoo. Nikamkimbilia nikipiga kelele kwamba huko kuna nyoka. Kaifungua koki.

Niliporudi, ukuta ulikuwa unamwaga pande zote. Nikaziba kiungo kimoja kwa kifua. Wanafunzi wakafunga koki ndogo ya karakana. Ndiyo, karakana ina koki yake! Niliwafundisha mwenyewe muhula ulipoanza. Wakaunga upya kila kiungo kwa tepu, wakafungulia maji. Hata tone!

Mkaguzi katufaulisha. Kasema ni walimu wachache wanaoficha hitilafu ya kweli ili kuwapima wanafunzi. Kisha, akisuuza mikono, kauliza kama na nyoka naye alikuwa sehemu ya mtihani.

Mwalimu wa mapishi kaniletea taulo, na aproni yake ya maua nijistiri. Naye kafaulu. Kasema ananijua, ndiyo maana alijaza ndoo zake tangu jana. Nimelia kidogo. Nawashukuru wote, na Spana kuliko wote.

Ijumaa, 13 Juni
Somo linaendelea! Nimemshukuru Spana mbele ya darasa. Kaniomba tu nisishike tena brashi.

Mchana mwalimu wa ufundi umeme kaja kunililia. Mkaguzi hakumfikia jana, anakuja kwake Jumatatu, na swichi zake zinatoa cheche. Wema nimetendewa, nami nisitende? Nimemshika mkono, nikampeleka kwenye swichi kuu ya shule. Waya usio na umeme hauungui.