Turubai Lililokwenda Angani

Jumatatu, 10 Novemba

Kagwe anatengeneza sinema! Nimeambiwa leo kwa kinyozi, nusu ya kichwa changu ikiwa imenyolewa na nusu haijaguswa. Kagwe, mpiga picha wa harusi! Ati sinema ya wanaanga. Ati anaipeleka Bungoma tarehe ishirini na mbili, kwenye tamasha la sinema za vijana. Nimetoka kwenye kiti vilevile nilivyokuwa.

Mimi pia ni kijana. Arobaini na moja si umri wa kumfungia mtu mlango.

Kufikia saa sita nilikuwa na hadithi. Wingu kutoka anga za mbali limeifunika dunia. Jua halionekani. Mahindi ya ulimwengu mzima hayakauki, yanaota ukungu. Watu watatu wanatumwa juu wakalitoboe hilo wingu, na mafuta yao ni ya kwenda tu, ya kurudi hakuna. Kapteni ni mimi. Nimelia kidogo nikifikiria kifo changu.

Nanyama, mke wangu, alinikuta nikilia akauliza nani amefariki. Alikuwa uani anageuza mahindi juu ya turubai, na chupa yake mkononi. Anatia punje na chumvi kavu ndani ya chupa, anatikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikiteleza, yamekauka. Mwaka jana niliachiwa kuyaangalia nikazama kwenye mradi wangu wa sungura, mvua ikayapiga, ghala la nafaka likayakataa langoni. Tulirudi nayo mchana kweupe, majirani wote wakitazama.

Leo amenikumbusha tena, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo mbaya: “Kizito, mwaka huu hii mahindi ikinyeshewa, usinitafute. Mimi niko kwetu Kamukuywa.”

Nimeapa. Nilikuwa natazama mawingu wakati naapa, lakini nimeapa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepata kikosi. Wakhungu anafuga nyuki upande wa Mlima Elgon, ana mavazi meupe matatu yenye kofia za wavu. Ukisimama mbali, ni mwanaanga mtupu. Huzaifa anauza kava za simu karibu na msikiti, ana simu yenye kamera nzuri. Yeye ni mhandisi wa chombo na mpiga picha pia. Nimemweleza kwamba sinema kubwa huwa hivyo, mtu mmoja kazi mbili.

Tumesimamisha nguzo nyuma ya nyumba. Mifupa ya chombo imekamilika! Kilichobaki ni ngozi.

Kagwe akapita barabarani na kile kidege chake cha kupigia picha kikimfuata juu kama mbu. Akasimama, akatazama nguzo zangu, akatazama kichwa changu. “Niaje Kizito. Hiyo choo mnajenga ni ya nyumbani ama ya shule?”

Nilimgeuzia mgongo. Nina hakika aliumia.

Alhamisi, 13 Novemba

Kuruka kwa chombo. Jirani amekodi mashine ya kupukuchua mahindi kutoka Moi's Bridge, na ile mashine ikiwaka hata mawazo yako huyasikii. Nikapanga turuke ikiwa inafanya kazi. Moshi, vumbi, makapi yakiruka hewani! Nikahesabu kurudi nyuma kutoka kumi. Nilipofika nne nyuki akaniuma sikioni. Alikuwa amebaki ndani ya kofia.

Nilikimbia hadi kwenye shamba la jirani na kurudi. Huzaifa anasema picha ni nzuri sana, ila haifahamiki kwa nini kapteni anakiacha chombo kabla hakijaruka. Wakhungu amemtetea nyuki. Ati alikuwa tu na wasiwasi.

Shida kubwa ni jua. Linawaka wiki nzima bila haya. Nitaiambiaje dunia kwamba jua limefunikwa huku watu wangu wanatokwa jasho na kukunja macho? Usiku nimeomba wingu. Nanyama, upande wake wa kitanda, alikuwa anaomba jua. Sijui huko juu wametuonaje.

Ijumaa, 14 Novemba

Ngozi ya chombo imepatikana.

Nimeikanyaga wiki nzima bila kuiona. Turubai la Nanyama! Upande wa juu unang'aa kama fedha. Upepo ukilipiga kidogo linawaka kote. Hata hao wakubwa wanaorusha vyombo vya kweli wangelikubali.

Sikumwambia. Kuna mambo ambayo mke akiyajua mapema anasumbuka bure. Kesho anaenda Kamukuywa kwenye mahari ya binamu yake, atarudi jioni. Nitaliazima kwa saa moja tu. Mahindi yatapumzika juu ya magunia.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika nikiwa bado na matope.

Nanyama aliondoka asubuhi. Mbingu safi kabisa, wingu hata la dawa hakuna. Tukamwaga mahindi juu ya magunia, tukapigilia turubai kwenye nguzo kwa misumari, na kwa kweli chombo kilipendeza mpaka Wakhungu akavua kofia. Tukaingia, tukafunga. Huzaifa akaegemeza simu dirishani, dirisha linaloangalia uani, akaiwasha. Nikaanza kufa.

Ni hotuba ndefu. Nilikuwa naiaga dunia nchi baada ya nchi. Nilipofika kaunti zetu, paa likaanza kulia, pa, pa, pa, kisha vuuuu! Vimondo! Mhandisi wangu alikuwa amebuni sauti ya vimondo bila kuambiwa! Nikamsifu katikati ya kufa kwangu.

Huzaifa akasema, “Boss, mimi sijagusa kitu. Hiyo ni mvua.”

Nilitoka nikateleza. Mahindi yote! Na langoni, Nanyama. Mahari ilikuwa imeahirishwa, mama wa bwana harusi ni mgonjwa. Alitupa mkoba, akavua kitambaa cha kichwa, akapiga magoti kwenye matope na gauni lake la sherehe, akaanza kuzoa. Hakunitukana. Alikuwa anasema tu, “Okoteni! Okoteni!” na sisi watatu na mavazi yetu ya nyuki tukazoa naye. Makapi, matope, punje, vyote pamoja.

Mvua ilipopita, akatia punje kwenye chupa na chumvi, akatikisa. Akaiinua juu, kando ya dirisha la chombo, kwenye mwanga. Akaitazama muda mrefu.

Hotuba yangu haikufika mwisho.

Jumapili, 16 Novemba

Ameenda. Kaka yake alikuja na pikapu wakapakia magunia yenye maji. Atayaanika huko kwao, ayaokoe yatakayookoka. Alitaka turubai lake pia, lakini lilikuwa limepigiliwa imara, na kaka yake alikuwa na haraka.

Akiwa tayari ameketi kwenye pikapu alisema nisikanyage Kamukuywa bila turubai. Nilimwambia nitalileta.

Na ningelileta leoleo. Ila bado sijapiga sehemu ya kutua. Chombo hakiwezi kutua bila ngozi.

Jumatano, 19 Novemba

Nyumba ni kimya. Nimepika ugali, umekuwa uji upande mmoja na jiwe upande wa pili. Jana nilitikisa chupa yake ya chumvi ili nisikie tu ule mlio. Namkosa sana. Nimeiandika na sitaifuta.

Habari mbaya zaidi: nimeangalia picha za Jumamosi. Kifo changu hakimo! Simu iliteleza pale dirishani mwanzo kabisa ikageukia uani. Mimi ninasikika tu, kwa mbali, nikiiaga Ajentina. Kinachoonekana ni mvua inaanza, magunia yanalowa, halafu Nanyama. Anakimbia. Anazoa. Wanaanga watatu wanatokea wanapiga magoti kando yake. Kisha chupa, karibu sana na kioo cha kamera.

Nilitaka kuanza upya. Huzaifa amesema mwisho wa kupeleka ni kesho, na yeye kwenye hilo vazi harudi. Basi tumeweka hiyohiyo, kwa aibu. Nimeongeza sauti yangu nikieleza kwamba huyu ni mwanamke wa duniani, anawasubiri mashujaa.

Huzaifa ameuliza kwa nini turubai bado liko juu ya nguzo. Nimemwambia wasanii hawaulizani hivyo.

Jumamosi, 22 Novemba

Bungoma! Ukumbi umejaa. Vijana wachache, wengi ni wazazi wa vijana, watu waliotoka shambani asubuhi, wengine na viatu vya matope. Mlangoni niliulizwa mimi ni mzazi wa nani.

Sinema ya Kagwe ilitangulia. Safi, lazima niseme. Wanaanga wake wanapaa juu ya mashamba, wanatua, wanakumbatiana, na muziki ni uleule wa harusi. Watu walipiga makofi ya adabu. Mama mmoja aliuliza bibi harusi yuko wapi.

Ikafuata yangu. Nilipokimbizwa na nyuki walicheka, na hapo si pa kucheka. Nikafunga macho. Nikasikia sauti yangu ikiaga nchi, vicheko tena. Kisha mvua. Vicheko vikakatika.

Nikafungua macho. Ukumbi mzima ulikuwa umeinama mbele. Mzee mmoja alisimama akasema, “Turubai iko wapi? Funikeni!” Kina mama wakaanza kuita, “Okota! Okota mama!” Na chupa ilipoinuliwa, kubwa vile, ukutani, chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo chote. Mwanamke nyuma yangu akasema polepole, “Woi. Imeshika,” akafuta macho. Nilijua sauti yangu inaweza kuwagusa watu, lakini si kwa kiasi hicho!

Walipotangaza mwigizaji bora nilikuwa nimeshasimama. Wakasema: yule mama wa chupa, kama yuko.

Alikuwepo! Huzaifa alimwita, msaliti yule. Nanyama akapita kando yangu bila kunitazama, akapanda jukwaani, akapewa sanamu ya mbao, akapewa na kipaza sauti.

“Asanteni. Lakini mimi sikuwa naigiza. Hiyo ilikuwa mahindi yangu ya kweli. Na huyu mzee wangu, yule pale mwenye kichwa nusu, anirudishie turubai yangu.”

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mzee! Mbele ya waandaaji wa tamasha la vijana! Mmoja aliandika kitu kwenye karatasi akinitazama. Kagwe alikuwa anajifuta machozi na shati.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini aliposhuka ngazi nilimwona anabana mdomo, kama anavyofanya akitaka kucheka na hataki kunipa faida hiyo. Nikapata nguvu ya kutembea.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimebomoa chombo. Nimelikunja turubai, nimelibeba mwenyewe hadi Kamukuywa. Nanyama alilikunjua lote, akahesabu matundu ya misumari kwa kidole, akanipa gundi na vipande vya nailoni. Nimeziba matundu mchana kutwa, shemeji zangu wakipita na kuniita Kapteni.

Nusu ya mahindi imepona. Nusu ni ya kutupwa, hata kuku hapewi. Niliyatazama hayo yaliyooza na nikaona aibu ya kweli, si ile ya ukumbini. Nikamwambia pole. Alisema pole yangu aliisikia hata mwaka jana, kisha akanisogezea chai.

Ijumaa, 28 Novemba

Amerudi! Na mahindi, na turubai, na sanamu yake, ameiweka juu ya runinga. Leo ametikisa chupa, chumvi ikateleza mpaka chini bila kushika. Akacheka kwa sauti. Siku mbili tatu zaidi za jua, amesema, ghala lisipate kisingizio, halafu twende.

Nimeapa. Safari hii nilikuwa namtazama yeye.

Jumapili, 30 Novemba

Amani nyumbani. Nimenyolewa nusu iliyobaki. Kinyozi ananiambia Kagwe ameanza sinema nyingine.

Nimekaa uani kuyalinda mahindi, kama nilivyoahidi. Nanyama yuko kwenye ibada ya mavuno, ataenda kutoa shukrani mbele ya watu, hawezi kutoka kabla ya saa saba. Upepo umepita hapa sasa hivi ukakunja pembe ya turubai.

Upande wa chini ni bluu! Nimelikunja, nimeliziba matundu, na sikuuona!

Bluu kabisa, bluu ya bahari! Miaka yote hii nimekuwa na bahari uani kwangu, imelaliwa na mahindi! Chombo cha chini ya maji, watu watatu, hewa inaisha. Kapteni anaiaga dunia, na safari hii simu itafungwa kwa kamba.

Nimempigia Wakhungu, amekata simu. Huzaifa amesema yuko njiani. Magunia yako wapi? Nitayamimina mahindi juu yake kwa saa moja tu. Kuna wingu upande wa Elgon, lakini ni dogo, na liko mbali.