Mlango wa Kumtolea Marehemu Mudi

Jumanne, 8 Julai 2025
Kosa la wengi: kumfundisha mzee kompyuta kwa mashine mpya. Mashine inakimbia, mzee anabaki stendi. Yangu ni ya zamani, imetoka ofisi ya shamba la katani. Rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Madirisha yanafunguka polepole, kwa adabu. Kila kitu ni picha: karatasi, jalada, na pembeni pipa la taka.

Lengo: chumba cha nyuma ya ghala. Fausta, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wazee hapa Kilosa, atakitoa Jumamosi kwa mwalimu atakayemridhisha. Mpinzani: Lupakisyo, fundi simu wa Mikumi. Anasema mashine yangu inafaa kuku kutagia. Ubaya ni kwamba mke wangu, Elizabeti, anakubaliana naye. Nikikosa chumba, mashine inatoka sebuleni, inakwenda kwa kuku.

Alhamisi, 10 Julai
Bi Mwanne amechora kwa mausi uso wa marehemu mumewe, Mudi, na kofia yake ya reli. Asubuhi nzima. Sikio moja limezidi, lakini ni yeye. Tukamhifadhi kwenye diski.

Sasa, kwenye mashine hii, ili diski itoke unaburuta picha yake hadi kwenye pipa la taka. Haifutwi, inatemwa nje tu. Nikaeleza. Nikaeleza tena, pamoja na historia. Bi Mwanne akauliza kama nina akili timamu: mume aliyezikwa kwa heshima, leo amtupe jalalani mbele za watu? Mzee Lazaro, mkubwa wetu sote, akasema hilo halifanyiki. Darasa likavunjika. Mudi bado yumo ndani.

Ijumaa, 11 Julai
Dawa imepatikana. Nimechora mlango kwenye karatasi, nikaubandika kwenye kioo, juu ya pipa. Nimewaambia mgeni akiaga husindikizwa mlangoni. Wameridhika. Mimi si mtu wa kawaida.

Jumamosi, 12 Julai
Fausta alikuja, Lupakisyo nyuma yake. Bi Mwanne akamsindikiza Mudi taratibu, akimwambia asalimie wa huko. Diski ikatoka. Akaifunga kwenye pindo la khanga. Fausta akafuta macho.

Mzee Lazaro akasema haiwezekani mkubwa akae tu wakati wageni wanaondoka. Akashika mausi. Kila picha aliyoiona akaifikisha mlangoni: masomo yangu yote, mazoezi yao yote. Kwaheri, karibu tena. Nilisifu mkono wake. Kisha nikazima mashine.

Mashine hii ikizimwa, pipa hujimwaga, na yaliyomo hufutika. Niliwahi kuwaeleza hilo kwa kirefu.

Lupakisyo hakucheka. Alisema, “Pole, Mwalimu. Siku nyingine nikutolee nakala?” Nikamwambia nakala ni za watu wasiojiamini. Fausta ametupa chumba wote wawili: yeye asubuhi, mimi jioni.

Jumapili, 13 Julai
Kuku wamekosa mgeni. Kesho tunaanza upya na Mudi, kazi pekee iliyosalimika. Wazee wote wamethibitisha kuja. Lazaro anataka kuchora ng’ombe.

Chanzo cha ajali nimekigundua. Si pipa, si Lazaro. Mlango niliuchora wazi. Mpya utakuwa na kitasa, na wenye kitasa hauhitaji nakala.

Leo: nunua gundi.