Mlio Uliobaki

Kuna maneno yalipita mtaa wa Elerai, Arusha, mwaka huu, na Nkasiogi muuza maziwa hakuweza kuyatoa kichwani: kwamba iko gereji moja ambako gari linaingia zima kuoshwa na kutoka linaumwa. Wateja walioyaleta waliyacheka. Yeye hakucheka, kwa sababu mwenye gereji hiyo ni Saruni, mwanawe wa kumzaa.

Saruni alikuwa fundi kwa maana ya kwamba alivaa ovaroli. Kazi yake yote ilikuwa nati moja. Gari likiwa kwenye povu, anainama kama anakagua tairi, anaifunga ile nati kwa waya kwenye springi ya mbele. Mwenye gari akikata kona, kok. Anarudi amekunja uso. Saruni analala chini ya gari, anafumba macho kama yuko ibadani, kisha anatoka na habari za msiba: boljointi zimekwisha, bushi zimekwisha, shokapu inavuja. Baada ya hapo anatoa nati yake, anasugua vyuma vya zamani kwa mafuta ya taa mpaka ving'ae, anapokea malipo ya vipya. Hakuna fundi Arusha nzima aliyekuwa na kucha safi kama zake.

Basi asubuhi moja akaingia Mama Sarla, mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa, akiendesha gari la michezo la marehemu mumewe: jekundu, milango miwili, limelala chini kama linatafuta sindano barabarani. Saruni akameza mate. Faraz, muuza magari wa Njiro, alikuwa analitafuta la aina hiyo hiyo kwa udi na uvumba.

Gari likaoshwa, nati ikafungwa. Mama Sarla akazunguka kona moja tu, akarudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Linalia, mwanangu."

Siku hiyo Saruni alikaa chini ya gari muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka alijifuta paji la uso. "Mama, nikuambie ukweli au nikufiche?"

"Niambie."

"Raki ya usukani imekufa. Na shasii imepinda hapa mbele. Siku moja utakata kulia, lenyewe liende kushoto. Mimi hili simpandishi hata mbuzi wangu."

Mama Sarla akashika kifua, akauliza nani atalinunua gari la namna hiyo. Kwa huruma nyingi Saruni akajitolea kulichukua kama chuma chakavu. Mama akakubali, ila akaomba fundi aandike ugonjwa wote kwenye karatasi na kutia sahihi, watoto wake wasije wakasema amelitupa. Saruni akaandika kwa furaha, hata akaongeza magonjwa mawili ambayo hakuwa ameyataja.

Pesa hakuwa nayo, akamwendea mama yake. Kwao ng'ombe wa nyumba ya mama hauzwi mpaka mama mwenyewe atamke, na Nkasiogi alikuwa na mitamba wawili tu, ada ya binti yake Nice kwenye chuo cha misitu Olmotonyi.

"Saruni, hayo maneno ya gereji yako ni ya kweli?"

"Yeyo, mama yangu, watu wana wivu tu. Jumamosi nakurudishia wanne."

Nkasiogi alimtazama sana mwanawe. Kisha akatamka. Mitamba wakauzwa, gari likalipiwa.

Ijumaa Saruni akaitoa nati, akaitia mfukoni, akampakia Faraz walijaribu gari kwenye milima ya Nkoaranga. Kona ya kwanza: kok. Saruni akakohoa kuifunika. Kona ya pili: kok, na usukani ukatetemeka. Akapapasa mfuko, nati ipo. Kwenye mteremko akakata kulia, na gari likafikiria kwanza. Faraz akaomba kushuka. Alirudi mjini kwa bodaboda, anacheka peke yake.

Miaka mitatu Saruni hakuwahi kusikiliza gari hata moja. Alikuwa anasikia nati yake tu.

Akaenda kwa Mama Sarla akiwa amefura. Mama akamkaribisha chai ya tangawizi, akaileta ile karatasi na kuilaza mezani.

"Mafundi watatu walishaniambia hivi hivi," akasema kwa upole. "Wewe ndiye uliyeeleza vizuri kuliko wote."

"Lakini mama, mimi nilikuwa…"

"Ulikuwa nini, mwanangu?"

Saruni akanywa chai.

Nice hakwenda chuo muhula ule. Anabeba ndoo za maziwa na mama yake. Na kila mama anayenunua maziwa kwa Nkasiogi anapewa haya bure:

Usimwache muosha magari na gari lako ukaenda kunywa supu.

Usilipie chuma kipya kabla hujakishika cha zamani na kukitikisa kwa mkono wako.

Usinunue gari uliloendesha kwenye tambarare tu. Lipandishe mlima, lishushe, ukate kona pande zote, redio ikiwa imezimwa.

Usiliponde gari la mtu kwa maandishi.

Usiuze mtamba kwa ahadi ya mtu mwenye haraka, hata kama umemzaa mwenyewe.